Sashe inayosemwa kwamba inaoza: tuipime mu udongo wetu mbele ya kuinunua

Somo la mukutano wa koperative



Mu vitalu vyetu vya kahawa na kakao (wengi wanasema pepinieri), muche unakomea ndani ya sashe ndogo nyeusi ya plastiki. Siku hizi kuko wauzaji wanaoleta sashe ya namna ingine. Bei yake inapita ile ya kawaida, na juu yake wameandika «biodégradable», maana yake inaoza. Muuzaji anaongeza neno linalofurahisha masikio: «Musisumbuke kuipasua. Pandeni muche pamoja na sashe yake, udongo utaikula.»

Kama neno hilo ni kweli, ni faida kubwa: mizizi haisumbuliwe siku ya kupanda, na plastiki haibaki mu shamba. Lakini kama haiko kweli, hasara haionekane siku ile. Mizizi inafika ku plastiki, inakosa njia, inaanza kujizungusha mule ndani kama kamba iliyokunjwa. Mwaka wa kwanza majani yanaweza kuwa ya kijani na mutu anafurahi. Kiisha jua kali linakuja, muti unanyauka, sababu mizizi haikushuka chini kutafuta maji. Kahawa arabika inaomba miaka 3 hivi mbele ya kutoa mavuno ya kwanza. Mutu aliyepanda miti 500 namna hiyo anaweza kugundua hasara wakati miaka imeshapita na muuzaji hayuko tena ku soko.

Kwa hiyo koperative haifai kuamini maandishi peke yake. Kuko njia ya kupima ambayo haiombe maabara. Inaomba jembe, kaye, vipande vya kitambaa, na uvumilivu wa miezi 6. Mwisho wa somo hili mutajua mambo 4: maana ya kuoza, maana ya maneno yanayoandikwa ku mifuko, namna ya kufanya jaribio la kuzika, na namna ya kusoma matokeo bila kudanganyika.

1. Kupasuka haiko kuoza

Hili njo neno la kushika kwanza. Ukiacha sashe ya kawaida juani miezi mingi, inakauka, inameguka, inakuwa vipande vidogo vidogo. Siku moja hauione tena. Je, imeoza? Hapana. Imepasuka tu. Vile vipande bado ni plastiki. Viko mu udongo, mu maji, na mu tumbo la mbuzi.

Kuoza ni jambo lingine. Mu udongo kuko vidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho: bakteria na kuvu. Vidudu hivyo vinakula jani, kitambaa cha pamba au gome la mugomba sawa vile sisi tunakula bugali. Mutu akikula, anapata nguvu na anatoa pumzi. Vidudu navyo vinatoa pumzi: ni ile hewa wanayoita gazi ya kaboni. Kitu kilichooza kweli kimegeuka hewa hiyo, maji, na sehemu kidogo inayobaki mu mwili wa vidudu na mu udongo.

Njo maana maabara haziangalie kwa macho tu. Zinafungia kipande mu chombo pamoja na mbolea au udongo, kiisha zinapima hewa inayotoka. Kanuni moja inayojulikana sana, ile ya Ulaya inayoitwa EN 13432, inaomba mambo haya kwa vifungio vinavyosemwa kwamba vinageuka mbolea:

- Vidudu vigeuze angalau sehemu 90 ku 100 ya kitu hicho kuwa hewa, mu miezi 6.
- Mu juma 12 za mbolea yenye moto, vipande vinavyobaki juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 2 visipite sehemu 10 ku 100 ya uzito wa mwanzo.
- Mimea inayopandwa mu mbolea ile iote na ikomee vizuri, angalau sehemu 90 ku 100 ikilinganishwa na mimea ya mbolea isiyokuwa na kitu hicho.
- Metali zenye sumu, kama vile risasi na kadimiamu, zisipite kipimo.

Muone kwamba kutoweka peke yake haitoshe. Inaomba kugeuka chakula cha vidudu, na inaomba kisichafue udongo.

2. Maneno yaliyoandikwa ku mufuko

Maneno matatu yanafanana kwa macho, lakini hayana maana moja.

«Biodégradable» maana yake inaweza kuliwa na vidudu. Lakini neno hilo peke yake haliseme ni wapi, mu muda gani, wala ku joto gani. Hata mbao ngumu inaoza, lakini inaweza kuchukua miaka mingi.

«Oxo-biodégradable» au «oxo-dégradable» ni plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ili imeguke upesi kwa jua na hewa. Hii njo ile ya kupasuka. Umoja wa Ulaya ulikataza kuuzisha vitu vya plastiki ya namna hiyo tangu mwezi wa Julai 2021. Mukiona neno hilo, musilipe bei ya juu.

«Compostable» maana yake inaoza mu mbolea. Hapa inaomba kuuliza: mbolea gani? Kuko mifuko mingi inayopimwa ku joto la digri 58, joto la viwanda vikubwa vya mbolea. Plastiki moja inayotengenezwa na wanga wa mahindi au na miwa, inayoitwa PLA, iko ya namna hiyo: mu kiwanda chenye moto inaoza, lakini mu udongo wa baridi inaweza kukaa miaka. Ku mifuko mingine wanaandika «home», maana yake inaoza mu mbolea ya nyumbani, ao «soil», maana yake mu udongo. Kwa muche wa kupandwa pamoja na sashe yake, ni neno hili la mwisho tu linalotuhusu.

Mwaka 2019 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Plymouth, kule Uingereza, Imogen Napper na Richard Thompson, walitangaza matokeo ya jaribio la miaka 3. Walichukua mifuko ya soko ya namna mbalimbali. Mingine ilikuwa imeandikwa kwamba inaoza. Walizika mingine mu udongo, wakatia mingine mu bahari, wakaacha mingine hewani. Kiisha miaka 3 mu udongo, mifuko iliyoandikwa «biodégradable» ilikuwa bado na nguvu ya kubeba vitu vya soko. Ule wa «compostable» ulitoweka mu bahari ndani ya miezi 3, lakini mu udongo ulionekana hata kiisha miezi 27, ijapokuwa ulipasuka ulipotiwa uzito. Mufuko mumoja, mahali pawili, majibu mawili. Mahali njo panaamua.

3. Sababu gani tupime kwetu

Uvira iko karibu mita 800 juu ya bahari. Bukavu iko karibu mita 1 500. Butembo inapita mita 1 700. Udongo wa bonde la Ruzizi una joto kupita udongo wa Lubero, na vidudu vinapenda joto. Kitu kinachooza upesi kule chini kinaweza kukawia kule juu. Kwa hiyo hata kama koperative ya majirani imepima, matokeo yao yawape mwangaza, lakini mupime tena ku shamba lenu.

Kuko na sheria pia. Dekre namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza ku inchi yetu kutengeneza, kuingiza, kuuzisha na kutumia mifuko, sashe na vifungio vingine vya plastiki. Sashe bado zinaonekana ku soko kila siku, lakini sheria iko. Na mwanamemba anayevuka mupaka wa Goma au Bukavu kuingia Rwanda anajua: kule sashe zinakatazwa tangu 2008, na zinakamatwa ku mupaka. Kwa maswali ya sashe ya kitalu, muulize ofisi ya Mazingira ya eneo lenu mbele ya kununua nyingi.

Tena tunajua taka hizi zinafika wapi. Mvua inazikokota toka milimani mupaka mu ziwa Kivu, zinateremuka mupaka ku baraji ya Ruzizi pale Bukavu, na kule zinaziba njia ya maji inayozungusha mashini za umeme. Sashe ya shamba la mulimani inaweza kuzima taa ya muji.

4. Jaribio la dakika 5: moto

Mbele ya kuanza jaribio la miezi 6, mufanye hili dogo. Mukate kipande cha sentimita 2. Mukikamate na koleo, inje ya nyumba, mbali na majani makavu na watoto. Mukiwashe. Musivute moshi wake.

- Pamba na karatasi vinaungua bila kuyeyuka, vinanusa kama karatasi inayoungua, na vinaacha majivu mepesi.
- Plastiki inayeyuka, inadondoka, kiisha inakuwa tone gumu.

Jaribio hili linasaidia sana kwa mifuko ile laini inayofanana na kitambaa, yenye rangi nzuri, inayouzwa ku soko kama mifuko ya kitambaa. Mingi ni plastiki ya polipropileni iliyobanwa ifanane na kitambaa. Moto utawaonyesha.

Lakini muangalie: plastiki inayooza kweli nayo inaweza kuyeyuka ku moto. Kwa hiyo moto unawaambia «hii haiko pamba wala karatasi». Hauwaambie kama itaoza. Jibu hilo linatoka mu udongo.

5. Jaribio la kuzika

Shahidi ni nani?

Mu shauri la kijiji, hakuna hukumu bila shahidi. Mu jaribio hili tunaita mashahidi wawili. Wa kwanza ni kitambaa cha pamba safi, kisicho na rangi: tunajua kinaoza. Wa pili ni sashe nyeusi ya kawaida: tunajua haioze. Sashe mupya tunaiweka katikati yao. Bila mashahidi, mukifukua sashe mupya na kukuta iko nzima, hamutajua kama sashe njo mbaya, ao kama udongo ulikuwa mukavu na vidudu vililala. Maabara nazo zinafanya hivyo. Pembeni ya kitu kinachopimwa zinaweka unga wa selulozi, ambayo njo mwili wa pamba na karatasi, na kama unga ule haukuoza vya kutosha mu siku 45, jaribio lote linatupwa.

Tunaongeza kitu cha ine: gome kavu la mugomba. Walimaji wengi wanalitumia tayari kufanyia vyombo vya miche, na halina bei. Inafaa lishindane.

Vyombo

- Vipande 9 vya kila kitu, sentimita 10 kwa 10. Vitu 4 mara 9 inafanya vipande 36.
- Chandarua cha mbu kilichopasuka, ambacho hakifai tena kulalia. Musikate kizima, kile ni cha kulinda watoto. Mushone vifuko 36 vidogo. Chandarua hakioze upesi, na kinashika vipande vinavyomeguka.
- Vijiti 36 vyenye namba, kamba, kaye na biki.
- Mizani ndogo inayopima gramu moja na sehemu zake. Mizani ya jikoni haitasaidia: kipande kimoja cha sashe nyembamba kinaweza kuwa na uzito wa sehemu 2 ku 10 ya gramu. Mizani inayofaa iko kwa wanunuzi wa zahabu, na mara ingine ku duka la dawa. Muombe kuitumia saa moja.

Hatua

Ya kwanza. Mupime vipande 3 vya kila kitu kwa pamoja, muandike uzito mu kaye. Vikiwa 3 pamoja mizani inaona vizuri. Kila kikundi cha 3 kiwe na namba yake na mwezi wake wa kufukuliwa.

Ya pili. Mutie kila kipande mu kifuko chake, mufunge na kamba.

Ya tatu. Muchague mahali penye udongo wa kawaida wa shamba, pasipo maji yanayosimama, mbali na njia ya mbuzi. Muchimbe sentimita 10 mupaka 15. Mulaze vifuko bila kuvikunja, umbali wa hatua moja kati ya kifuko na kifuko. Mufunike.

Ya ine. Musimike kijiti chenye namba juu ya kila kimoja, muchore ramani mu kaye. Vijiti vinaibiwa kuwa kuni, ramani haiibiwe.

Ya tano. Wakati wa kiangazi mumwangilie mara moja ao mara mbili kwa juma. Kujua kama maji yanatosha, mukamate udongo mu mukono na mukaze: ukikusanyika bila kutoa maji, ni vizuri.

Ya sita. Mufukue vifuko 3 vya kila kitu kiisha mwezi 1, vingine 3 kiisha miezi 3, na vya mwisho kiisha miezi 6. Muoshe polepole mu ndoo bila kusugua, muanike ku kivuli siku 2, kiisha mupime.

Kama muko na shimo la mbolea lenye moto, munaweza kurudilia jaribio hili mule. Musimike chuma katikati ya mbolea dakika 10. Mukikichomoa na mukono haukiwezi, mbolea iko na moto wa kutosha. Lakini matokeo ya shimo yaandikwe mbali na matokeo ya shamba. Yale ya shamba njo yatajibu swali la muche.

6. Kuhesabu

Tunapima mambo mawili: eneo na uzito.

Kwa eneo, mutengeneze fremu ya mbao yenye nafasi ya sentimita 10 kwa 10 ndani yake. Mupitishe nyuzi kila sentimita moja, huku na huku. Mutapata vyumba 100. Mulaze kipande chini ya fremu, muhesabu vyumba ambavyo bado vimejaa. Vikiwa 70, maana yake sehemu 70 ku 100 iko bado.

Kwa uzito, mukusanye kila kitu kilichobaki mu vifuko 3, hata vipande vidogo, mupime pamoja.

Tufanye mufano. Hesabu hizi ni za kujifunza tu. Tuseme kiisha miezi 6 mumepata hivi:

- Pamba: vyumba 4, 0 na 2. Jumla 6, gawa kwa 3, inabaki 2 ku 100.
- Sashe ya kawaida: 100, 100 na 100. Inabaki 100 ku 100.
- Gome la mugomba: 12, 20 na 10. Jumla 42, gawa kwa 3, inabaki 14 ku 100.
- Sashe mupya: 71, 64 na 75. Jumla 210, gawa kwa 3, inabaki 70 ku 100.

Mwanamemba mumoja anaweza kusema: «Sashe mupya imeshaoza sehemu 30. Tuipe miezi mingine, itaisha.» Tungoje kwanza mizani iseme. Vipande 3 vya sashe mupya vilikuwa na gramu 0,60 siku ya kuzikwa. Sasa, pamoja na vimegu vilivyobaki mu chandarua, viko na gramu 0,57. Kilichopotea ni gramu 0,03, ni kusema sehemu 5 ku 100.

Muone siri yake. Ku macho sehemu 30 imetoka. Ku mizani ni sehemu 5 tu. Ile ingine 25 haikuliwa na kidudu. Imemeguka, iko pale pale mu kifuko. Na ile 5 nayo, haijulikane kama yote ilioza: inaweza kuwa vimegu vidogo vilivyopita mu matundu ya chandarua. Sashe hii inapasuka, haioze. Macho peke yake yangewadanganya.

Kuko hali tatu za kusoma:

Pamba imeoza, sashe mupya imepunguka uzito karibu sawa na pamba: kuko tumaini. Muendelee ku jaribio la mbegu.

Pamba imeoza, sashe mupya haikupunguka uzito: mu udongo wenu maandishi ya muuzaji hayana maana.

Pamba yenyewe haikuoza: jaribio halina jibu. Udongo ulikuwa mukavu ao wa baridi sana. Musiseme sashe ni mbaya, musiseme ni muzuri. Muongeze muda na maji, ao muanze tena wakati wa mvua.

7. Jaribio la mbegu

Kitu kinaweza kuoza vizuri na kuacha sumu, kwa mufano rangi ao dawa iliyochanganywa mule. Kwa hiyo mubakize kilo chache za mbolea ambamo sashe mupya ilioza, na kilo sawa za mbolea ile ile isiyowekwa sashe. Mujaze makopo 3 na ya kwanza, makopo 3 na ya pili. Mupande mbegu 10 za maharagi mu kila kopo. Mufanye tena vilevile na lengalenga, sababu mumea mumoja unaweza kuvumilia sumu ambayo mwingine hauwezi.

Kiisha juma 3, muhesabu mimea iliyoota, muikate ku udongo na kuipima. Tuseme bila sashe mulipata mimea 28 ku 30. Sehemu 90 ku 100 ya 28 ni 25 na kidogo. Kwa hiyo upande wa sashe munaomba angalau mimea 26. Uzito nao uhesabiwe namna hiyo. Ikiwa chini, ao majani ni ya manjano upande mumoja tu, musitie kitu kile mu shamba la chakula.

8. Kwanza ivumilie, kiisha ioze

Hapa njo wengi wanasahau. Muche wa kahawa unaweza kukaa mu kitalu miezi 6 na kupita. Sashe inayooza kiisha miezi 2 itafunguka mbele ya siku ya kupanda, na udongo wote utamwagika. Kwa hiyo, siku ile ile munapozika vipande, mujaze sashe 10 mupya na udongo, muzipange mu kitalu, muzimwangilie sawa na zile zenye miche. Kila mwezi mujaribu kuinua kila moja kwa mukono. Muandike siku ya kwanza inapopasuka.

Sashe tunayotafuta ina tabia mbili: inasimama mu kitalu, na ikishafunikwa mu shamba inakwenda. Gome la mugomba mara nyingi linafaulu ku jambo la pili na linasumbua ku la kwanza, zaidi kama mvua ni nyingi. Wengine wanalipanga tabaka mbili. Jaribio litawaambia kama inatosha kwenu.

Na vifungio vingine vya koperative? Kwa unga, maharagi na kahawa kavu, kuoza haiko jambo la kwanza la kutafuta. Mufuko wa PICS wa kuhifazia mbegu una tabaka mbili za plastiki ndani na mufuko wa kushona inje. Hauoze, na haifai uoze, sababu kazi yake ni kuzuia hewa ili funza wasikule maharagi. Mufuko kama huo utumiwe misimu mingi, uchungwe na panya, na usitupwe mu shamba. Kutafuta kitu kinachooza kuna maana kwa kile ambacho kinatumiwa mara moja na kubaki mu udongo. Sashe ya muche njo kitu cha namna hiyo.

9. Kukata shauri

Kabla ya miezi 6 kuisha, muuzaji atarudi na kusema bei itapanda. Koperative imujibu kwa heshima: mutanunua chache za kupima, zile zingine zitangoja. Mumuombe karatasi ya maabara inayoonyesha kanuni iliyotumiwa na mahali palipopimwa: kiwanda, nyumbani ao udongo. Muuzaji mwenye mali ya kweli haogope swali hilo.

Mupaka siku ya jibu, sheria ya shamba inabaki moja: musipande muche na sashe yake. Mupasue sashe upande mumoja kwa wembe, muitoe polepole bila kuvunja donge la udongo, mukate ncha ya muzizi iliyojikunja chini, kiisha mupande. Sashe zilizotolewa zihesabiwe. Kama mumeleta miche 200 ku shamba, sashe 200 zirudi nyumbani.

Jaribio zima linaomba siku chache za kazi na shimo dogo. Kazi igawanywe: mumoja achunge kaye, mumoja amwangilie, wawili wafukue na kupima mbele ya wengine wote. Kaye isomwe mu mukutano mukubwa, hata kama matokeo hayafurahishe. Koperative yenye kaye kama hiyo haibishane na muuzaji kwa maneno. Inafungua ukurasa na kuonyesha namba.

Maswali ya kuzungumuza mu kikundi

1. Ni vitu gani vya plastiki vinavyobaki mu mashamba yetu kila musimu? Ni vipi vinatumiwa mara moja tu?
2. Sashe imetoweka juani. Namna gani tunaweza kujua kama ilioza ao ilipasuka tu?
3. Sababu gani tunazika kitambaa cha pamba pembeni ya sashe mupya?
4. Kama pamba haikuoza kiisha miezi 3, tutafanya nini?
5. Ku koperative yetu, nani atachunga kaye, na tutaanza tarehe gani? Muiandike leo, mbele ya kutoka mu mukutano.